Eli Alianguka Kutoka Kitini: Wazee Wetu Wapimwe Mapema

Neno la leo ni refu kidogo, kwa hivyo ukiwa kwenye matatu lihifadhi, ulisome jioni ukiwa na watu wako.

Fungua 1 Samweli 4, mstari wa 12 hadi 18. Eli, kuhani wa Shilo, ameketi kitini kando ya njia akingoja habari za vita. Ana miaka 98 na macho yake hayaoni tena. Mjumbe anafika na kumwambia kwamba Israeli wamekimbia, wanawe wawili wamekufa, na Sanduku la Mungu limetekwa. Kusikia habari ya Sanduku, Eli anaanguka kinyumenyume, shingo inavunjika, anakufa.

Mahubiri mengi ya mlango huu yanahusu Sanduku na wale vijana wawili waliomwasi Mungu, na ni mahubiri mema. Lakini angalia jambo ambalo mwandishi analiongeza mwishoni. Habari ndiyo iliyomshtua Eli, lakini shingo ilivunjika kwa sababu alikuwa mzee na mwili wake ulikuwa mzito. Kijana angesikia habari ile ile, angelia na kurarua mavazi, kisha angeinuka. Eli hakuwa na akiba ya nguvu mwilini ya kubeba pigo hilo. Na dalili zilikuwapo mapema: mlango wa 3 ulishatuambia kwamba macho yake yameanza kufifia.

Wapendwa, hicho ndicho ninachotaka tuzungumzie leo. Kuna udhaifu wa uzeeni ambao hauonekani mpaka siku ya pigo. Pigo lenyewe linaweza kuwa dogo sana: homa ya siku mbili, kuhara, kujikwaa kwenye mkeka, dawa mpya ya presha. Mtu wa miaka 30 analala siku mbili na kurudi kazini. Mzee aliyeishiwa na akiba analala siku hizo mbili, na akiamka hawezi tena kwenda chooni peke yake. Familia inasema "alianguka ghafla", ingawa mwili wake ulikuwa umetoa ishara kwa mwaka mzima.

Msimamo wangu ni huu, na nitauandika wazi. Kila mtu aliyefika miaka 60 na anayeingia katika zahanati zetu anapaswa kuangaliwa udhaifu huu, asipimwe presha na sukari pekee. Na kanisa lisingoje serikali ianze. Tudai jambo hili, na tulisaidie kufanyika.

UDHAIFU HUU SI UMRI

Wengi wetu tukimwona mama amepungua na anatembea akishika ukuta, tunasema, "Ni uzee tu." Biblia haisemi hivyo. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua kuomba mlima, akasema nguvu zake za vita ni zile zile za ujana (Yoshua 14). Barzilai alikuwa na miaka 80, naye alikataa kwenda kukaa na Mfalme Daudi kwa sababu hakuonja tena chakula wala kusikia waimbaji vizuri (2 Samweli 19). Na Daudi mwenyewe, ambaye hesabu ya miaka yake inaishia karibu 70, hakuweza hata kupata joto kitandani ingawa walimfunika nguo (1 Wafalme 1).

Ukipanga wazee hao kwa umri, Kalebu angekuwa wa kwanza kupewa kiti. Ukiwapanga kwa nguvu, Daudi ndiye angehitaji msaada. Umri haukuambii yupi ni yupi. Ndiyo maana lazima mtu aangaliwe.

Wataalamu wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake kule Marekani walitaja ishara tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kupunguza shughuli za mwili. Mwenye ishara tatu au zaidi walimhesabu kuwa ameshaingia katika udhaifu huu. Mwenye moja au mbili yuko njiani.

Huyo aliye njiani ndiye ninayemwandikia leo, kwa sababu hali hii inaweza kusonga pande zote mbili. Mtu anaweza kushuka, na akisaidiwa mapema anaweza kupanda tena. Ukimkuta baada ya nyonga kuvunjika, umechelewa sana.

KWA NINI ZAHANATI INAMPITA

Fikiria mama wa miaka 74 anayeenda kliniki kila mwezi. Anapimwa presha, anapewa vidonge, anaandikiwa tarehe ya kurudi. Mwezi mwingine ni sukari. Siku nyingine ni goti. Kila ugonjwa una kitabu chake na foleni yake. Hakuna aliyeuliza kama mama mwenyewe bado anaweza kuchota maji, au kama nguo zake zimeanza kumpwaya.

Na ukimuuliza, atakujibu nini? Wewe unamjua mama yako. Unampigia simu kutoka Nairobi au Mombasa, "Mama, uko aje?" Anajibu, "Niko salama, namshukuru Mungu." Ataficha, kwa sababu hataki kukusumbua. Anajua una karo ya kulipa. Pia anaogopa kuambiwa aache shamba lake aje kukaa kwako katika chumba kimoja cha orofa ya nne.

Kwa hivyo kumuuliza "uko aje" hakutoshi. Lazima umwone akiinuka na umwone akitembea. Yule mwanamke aliyepindika mgongo kwa miaka 18 katika Luka 13 hakumwomba Yesu chochote. Alikuwa ndani ya sinagogi pamoja na wengine, na huenda wote walishamzoea. Yesu alimwona, akamwita mbele. Na yule baba aliyemleta mwanawe mgonjwa katika Marko 9, Yesu alimuuliza hali hiyo ilianza lini. Bwana wetu, ajuaye yote, aliangalia na kuuliza. Sisi ni nani tusiulize?

KUPIMA KWENYEWE NI KAZI YA DAKIKA CHACHE

Vipimo vya mwanzo havihitaji mashine kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2019 kitabu cha mwongozo kwa wahudumu wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo wale wanaotembelea watu nyumbani. Mambo yake ni mepesi:

1. Kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono. Je, anamaliza ndani ya sekunde 14?

2. Uzito. Je, amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia? Je, amepoteza hamu ya kula?

3. Kumbukumbu. Mtajie maneno matatu mepesi, zungumzeni kidogo jambo lingine, kisha umwombe ayarudie. Muulize pia leo ni siku gani.

4. Macho na masikio. Anaona vizuri, mbali na karibu? Anasikia ukimnong'onezea?

5. Moyo. Katika wiki mbili zilizopita amekuwa mwenye huzuni au kukata tamaa? Amepoteza raha katika mambo aliyoyapenda?

Madaktari wengine huongeza mwendo: mzee atembee mita 4 kwa hatua zake za kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, hiyo ni ishara ya kufuatilia.

Unaweza kujaribu hili la kiti nyumbani ukienda mashinani. Weka kiti imara kikiwa kimeegemea ukuta, simama karibu naye, na kama magoti yanauma sana usimlazimishe. Kisha elewa vizuri: hiki ni kengele tu. Akishindwa, usimwite mgonjwa wala usimnunulie dawa dukani. Mpeleke zahanati, useme ulichokiona. Lakini akidhoofika ghafla upande mmoja, akichanganyikiwa ghafla, au akianguka na kugonga kichwa, hiyo si habari ya kipimo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

"PASTA, ZAHANATI ZETU ZIMEJAA"

Najua. Muuguzi mmoja, foleni hadi nje kwenye mti, watoto wanalia, dawa zinaisha kabla ya mwezi kuisha. Ukimwongezea kazi nyingine, ataifanya saa ngapi?

Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Lakini tazama tulicho nacho tayari. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wale tunaowaita CHP, na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupima presha, sukari na uzito. Wao hupita nyumba kwa nyumba. Mizani iko kwenye mkoba. Kiti kiko nyumbani kwa mzee. Sekunde zinahesabiwa kwa simu. Muuguzi hahitaji kumpima kila mmoja. Anahitaji kuwapokea wale walioonekana na ishara.

Sheria nayo ipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na kwa Serikali. Zingatia kwamba inataja wote wawili. Mtoto hawezi kuisukumia serikali kila kitu, na serikali haiwezi kumsukumia mtoto kila kitu. Na sheria za afya za 2023 zilianzisha mfuko wa kulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kama mzazi wako hajaandikishwa SHA, fanya hivyo mwezi huu.

Wengine wameanza. Kule England, tangu 2017, mkataba wa madaktari wa ngazi ya jamii unawataka wawatambue wagonjwa wa miaka 65 na zaidi walio na udhaifu huu. Kwa walio na hali mbaya zaidi, dawa zao zipitiwe upya na waulizwe kama wameanguka. Sisi hatuna kompyuta zao, lakini kuuliza "umeanguka mwaka huu?" hakuhitaji kompyuta. Na sisi si nchi ya vijana peke yao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 hivi wenye miaka 60 na zaidi.

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Kuna faida gani kumpima mtu kama hakuna kitakachofuata? Nakubaliana nayo kabisa. Kumwambia mzee "wewe ni dhaifu" kisha umrudishe nyumbani mikono mitupu ni kumwongezea mzigo. Yakobo 2 imeshatukemea kwa kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula. Kwa hivyo tunapodai kipimo, tudai na kinachofuata.

KINACHOFUATA

Habari njema ni kwamba msaada mwingi si wa gharama kubwa.

Dawa zipitiwe. Mzee mwenye presha, sukari, goti na usingizi mbovu anaweza kuwa na aina saba za vidonge kutoka sehemu tatu tofauti, pamoja na mitishamba ya jirani. Beba zote kwenye mfuko, mpelekee muuguzi au daktari. Mwombe ampime presha akiwa ameketi na tena akiwa amesimama. Wazee wengi huanguka kwa sababu presha hushuka wanapoinuka. Lakini usimwachishe dawa kwa kichwa chako.

Chakula cha kujenga mwili. Chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni, hiyo si lishe ya mzee anayepungua. Mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, omena. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi. Angalia na meno. Wengine wameacha nyama na githeri kwa sababu hawawezi kutafuna.

Mazoezi. Kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa kila siku, kutembea, kubeba vitu vyepesi. Msuli usiotumika hupotea, na kwa mzee hupotea haraka sana kitandani. Mtoto mwenye upendo anayemwambia mama, "Keti tu, usiguse kitu," anamnyang'anya nguvu bila kujua.

Nyumba. Taa ya usiku, mkeka usioteleza, kitu cha kushikilia njiani kuelekea choo cha nje. Miwani. Upasuaji wa mtoto wa jicho kama unahitajika.

NENO KWA SISI TULIOOKOKA

Sasa nije ndani ya nyumba, maana sisi Wapentekoste tuna mambo yetu.

La kwanza ni ukiri. Kuna wazee wetu wanaokataa kusema wamechoka kwa sababu wamefundishwa kwamba ukitamka udhaifu unaualika. Wanashikilia Yoeli 3:10, lile neno la mnyonge kujitangaza kuwa hodari. Soma mlango wote, mpendwa. Hapo mataifa yanaitwa vitani ili yahukumiwe. Hakuna mzee anayeambiwa asimwonyeshe muuguzi goti lake. Paulo alimwandikia Timotheo waziwazi kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, wala hakumwambia ananyamazisha imani yake. Paulo huyo huyo alijisifia udhaifu wake katika 2 Wakorintho 12. Kuutaja udhaifu mbele ya Mungu na mbele ya muuguzi ni kusema kweli, na kweli haijawahi kumfukuza Roho Mtakatifu.

La pili ni kufunga. Mzee anayepungua uzito, anayetumia dawa za sukari, hapaswi kusukumwa katika mfungo mkavu wa siku tatu wala kesha la kila Ijumaa kwa sababu "maombi yanataka gharama". Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, malaika hakumwongezea mfungo. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi (1 Wafalme 19). Wachungaji wenzangu, tuseme hivyo madhabahuni, kwa sauti, ili wazee wasione haya. Mama anaweza kuombea kanisa akiwa ameketi, akiwa amekula, saa nne asubuhi, na mbingu zikasikia.

La tatu ni zito zaidi. Mzee akianza kusahau, akizungumza peke yake, akipotea njia usiku, wako wanaonong'ona kwamba ni mchawi. Tunajua yaliyotokea Kilifi na Kisii, ambako wazee wamechomwa na kukatwa kwa panga kwa tuhuma kama hizo. Mengine yanasukumwa na tamaa ya shamba, lakini mengine huanzia hapo: dalili ambazo hakuna aliyezipima. Maneno matatu ya kumbukumbu, yaliyoulizwa na mhudumu anayejua afanyalo, yanaweza kuleta jina la kweli la hali hiyo kabla ya jirani kuleta jina la uongo. Na mtumishi wa Mungu anayetaja mzee wa watu kuwa mchawi mbele ya umati ana damu ya kujibu.

Naamini uponyaji. Nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa hadi Bwana arudi. Lakini wale wakoma kumi katika Luka 17 Yesu aliwatuma waende kwa makuhani wakaangaliwe, na walitakasika wakiwa njiani. Kwenda kuangaliwa hakukupunguza muujiza.

TUFANYE NINI

Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hakuna mahali tunaposoma kwamba kulikuwa na mtu aliyewachukia. Walipitwa tu, kwa sababu kazi ilikuwa imekua na hakuna aliyepewa jukumu. Mitume hawakuishia kuomba. Walichagua watu saba wenye Roho na hekima, wakawakabidhi kazi.

Na katika 1 Timotheo 5 Paulo anazungumzia orodha ya wajane, akitaja miaka 60. Umri huo huo ndio Katiba yetu inaotumia kumtambua mzee. Basi kanisa lisilo na orodha ya wazee wake lianze nayo. Jina, kijiji, nani anaishi naye, alionekana mara ya mwisho lini, ameanguka mwaka huu au la. Kila mzee awe na mtu mmoja wa kumtembelea. Mwalikeni CHP wa eneo lenu aje baada ya ibada, mmpe viti na nafasi ya kivuli. Kisha idara ya akina mama na ya vijana wagawane kuwapeleka zahanati wale walioonekana na ishara. Na mkikutana na mwakilishi wa wadi akija kusalimia kanisa, msimwombe viti vya plastiki pekee. Mwulizeni wazee wanapimwa nini katika zahanati ya wadi yake.

Kwako wewe uliye mbali: elfu mbili za M-Pesa ni baraka, endelea kuzituma. Lakini pesa hazimwoni mama akiinuka. Ukienda nyumbani, keti naye. Mwangalie akisimama kukuletea chai. Hesabu kimya kimya.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunawaleta wazee wetu mbele zako. Wewe ulituahidi kupitia Isaya kwamba utatubeba hata tukiwa na mvi. Tupe macho ya kuwaona kabla hawajaanguka. Wape wahudumu wa zahanati nguvu na subira. Ondoa aibu kwa wazee wanaoficha uchungu wao. Linda kila mzee anayesingiziwa. Na sisi watoto, tufundishe kuheshimu kwa mikono na miguu, si kwa midomo tu. Amina.

Kama una mzazi, shosho au guka uliyemkumbuka ukisoma neno hili, mpigie leo. Andika jina lake hapa chini tumwombee pamoja. Mungu awabariki.